Siku Niliyolijaza Darasa Nikabaki Ulingoni

Haya nimeyafunika miaka mingi, na ningeendelea kuyafunika kama Mama Debora asingeyafunua juzi kwenye arusi ya mjukuu wake, mbele ya watu wanaokula, tena akayafunua kombo, akasema nililia. Sikulia. Niliingiwa na matope machoni, na mtu mwenye matope machoni hutokwa na maji, hata daktari atawaambieni. Basi afadhali niyaseme mwenyewe, maana aibu ni yangu, na aibu ya mtu ikisimuliwa na mwingine hutiwa chumvi, na kama ni chumvi, ninayo yangu ya kutosha.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Nilizaliwa kijiji kimoja cha Wapokomo kando ya mto Tana, si mbali na Garsen kwa mtumbwi, lakini mjomba wangu alinichukua Mombasa kabla sijamaliza kuota meno ya pili, nikakulia huko, nikawa mpiga pasi kwa dobi mmoja, mchana kutwa pasi ya makaa, na jua likishuka nakwenda shule ya jioni kusoma hesabu na Kiingereza na jiografia, na siwadanganyi, kuna siku nilisinzia darasani nikaipiga pasi ramani ya Afrika kwa kiganja, nikaikunja mara nne nikaitia kapuni pamoja na shati za watu. Hivyo ndivyo nilivyopata cheti. Na cheti ndicho kilichonipatia barua ya kwenda kufundisha shule ya kijiji kile kile nilichozaliwa, miezi mitatu ya majaribio, kisha aje mkaguzi anitazame, akiridhika nithibitishwe, asiporidhika nirudi kwenye makaa.

Sasa kuna jambo ambalo sikuambiwa. Cheti kilisema najua kusoma na kuandika na mito mikubwa ya Afrika, hakikusema mwalimu anakuwaje. Nilidhani mtu akipewa chaki anakuwa mwalimu, kama vile akimwagiwa maji anakuwa amelowa. Nikafika, nikapewa chaki, nikaishika, nikangoja. Hakuna kilichotokea.

Mwalimu pekee niliyepata kumtazama kwa makini alikuwa yule wetu wa shule ya jioni, mzee mpole aliyefundisha makuli na wapishi na mayaya waliokwisha choka, kwa hiyo siku ya kwanza niliingia darasani nikasema kwa sauti ya chini kama yake, "Mabwana na mabibi, poleni na kazi." Watoto wa miaka minane mpaka kumi. Wakatazamana. Mmoja akanijibu, "Tumeshapoa," kwa adabu, lakini niliona amenihurumia. Na kwa kuwa mzee yule alikuwa akituachia tusinzie kidogo, nami nikawaachia, na ilipofika saa nne darasa zima lilikuwa linakoroma, pamoja na mbuzi wawili waliokuwa mlangoni. Wiki ya pili nikasema hapana, mwalimu ni mtu wa amri, nikanunua kipenga, nikawa sajini, kushoto kulia, kushoto kulia, mpaka mzazi mmoja akaja kuuliza tunapigana na nani. Wiki ya tatu nikawa mhubiri, nikiinua mikono kwenye hesabu za kujumlisha, saba na tano kumi na mbili, na watoto, ambao wote walikuwa wa kanisani, wakaitikia amina. Kwa kifupi, kila asubuhi niliamka sijui ni nani anayekwenda kazini leo.

Mwalimu mwenzangu alikuwa mmoja tu, naye ndiye mkubwa wangu, Mwalimu Lazaro, na yeye ndiye aliyezidi kunichanganya. Alifundisha miguu mitupu, suruali ameikunja mpaka magotini, matope ya shamba lake yamekauka mpaka menoni (yaani hata alipoangua kicheko uliona tope), chaki ameichomeka sikioni. Nilimtazama nikasema moyoni, huyu si mwalimu, huyu ni mkulima aliyepotea njia akaingia darasani. Kwamba watoto wake walisoma kitabu bila kutetereka na wangu walikuwa bado wanasema amina, jambo hilo nililiona, lakini sikulitilia maanani.

Basi mpunga ukafika mahali pa kutia maziwa. Asiyelima bonde la Tana nimweleze kidogo: maji ya mafuriko yakishuka hupandwa mpunga, na mpunga ule ukianza kufanya punje, punje zikiwa laini zenye maji meupe ndani, hapo ndipo wanapokuja vindege vidogo vya mdomo mwekundu, si kumi wala mia, wanakuja kama moshi, wakitua shamba linaegemea upande mmoja. Wakiachiwa asubuhi moja tu, mwenye shamba atavuna majani. Kwa hiyo kila shamba hujengwa ulingo, jukwaa la miti lenye miguu mirefu, na juu yake hukaa mtoto na kombeo lake na madonge ya udongo, na kamba zimetoka ulingoni kwenda kwenye nguzo za shambani, zimefungwa makopo matupu, akivuta kamba makopo yanapiga kelele, naye anapiga ukelele, na ndege wanahamia kwa jirani; huko ndiko kuwinga ndege.

Mwalimu Lazaro akaniita nje ya darasa.

"Mwenzangu," akasema, "kuanzia Jumatatu kengele ni saa tano na nusu."

"Ya mchana?"

"Ndege wa usiku wewe unawajua?"

Nikamwambia sielewi ndege wameingiaje kwenye kengele. Akanieleza bila haraka: ndege hula kuanzia alfajiri mpaka jua likali, kisha huenda kujificha kwenye vivuli, hurudi saa tisa. Katikati ya hapo watoto wako huru, na hapo ndipo shule yake ilipokuwa ikisomwa kila msimu wa mpunga, tangu ilipojengwa, na hakuna mtoto aliyewahi kukosa. Nikamsikiliza, nikaitika ndiyo mwalimu, na moyoni nikaona haya kwa niaba yake. Shule nzima ya serikali na ya kanisa, inafuata ratiba ya ndege.

Jumatano ya wiki hiyo hiyo ya kengele mpya ikaja barua kwamba mkaguzi angefika kesho yake. Mwalimu Lazaro akachukua mtumbwi kwenda kumngoja Garsen, penye pantoni, akanipa neno moja tu la kuondokea: "Nitamleta jua likiwa utosini. Wewe usiguse kengele kabla ya hapo."

Lakini mimi nilikwisha fikiri. (Nilikuwa na tabia hiyo.) Nikafikiri, huyu mkaguzi anatoka mjini, na mjini shule huanza saa mbili, sasa akija akasikia watoto wanaitwa saa tano na nusu kama wanaitwa kula, atasema nini juu yangu? Na huenda akawahi. Bora akute shule imeanza tangu asubuhi, rejista imetiwa alama, na mwalimu mmoja kijana amesimama mbele, mwenye shule yake. Nikaona hii ndiyo siku yangu ya kuwa mwalimu. Nikaamua nitapiga kengele saa mbili kamili. Uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo namna hiyo, hata chai yangu haikupoa.

Alhamisi nikavaa. Kaptura nyeupe niliyoipiga pasi mpaka ungeweza kukatia mkate, soksi ndefu, viatu vyeusi, tai, na juu ya yote helmeti niliyoinunua Mombasa kwa mtu aliyekuwa anarudi kwao Ulaya (ilinishuka mpaka nyusi, lakini nilijifunza kutazama kwa chini yake kwa heshima). Saa mbili nikalipiga lile rimu la gurudumu la lori lililokuwa kengele yetu, nikapiga mpaka masikio yakaziba. Wakaja watoto saba. Wa mwinjilisti watatu, wa mwenye duka watatu, na mmoja aliyekuwa na donda mguuni asiyeweza kupanda ulingo. Rejista yangu ilikuwa na thelathini na wanne, na wa Lazaro hawakuwa juu yangu. Nikapiga tena. Wale saba wakaniambia, "Mwalimu, tumeshafika."

Basi nikatia rejista kwapani nikaenda mashambani kuwatafuta wengine.

Ulingo wa kwanza alikuwa Debora, msichana wa darasa la tatu, miaka kumi hivi, mwenye akili kuliko wote na macho ya kukupima. Alikuwa amelijaza kombeo donge, analizungusha.

"Debora, hukuisikia kengele?"

"Nimeisikia, mwalimu. Nikadhani umekosea."

"Mwalimu hakosei. Shuka."

Akaliteremsha kombeo polepole. "Nikishuka, unapanda wewe?"

"Nipande wapi?"

Mama yake akatokea kwenye mpunga, mundu mkononi, mwanamke mrefu mwembamba ambaye alipokuwa akikutazama ulijiona umekosa hata kama umetoka kuoga. "Mwanangu," akaniambia, "wewe si umezaliwa hapa hapa? Au huko mjini walikuosha na haya? Anayemshusha mlinzi hupanda yeye. Hata angekuwa mchungaji. Ulingo haubaki mtupu, na aliyepanda hashuki mpaka apokewe na mwenziwe."

"Mama, mimi ni mwalimu."

"Na hao ni ndege. Barua yako hawataisoma."

Nikapiga hesabu pale pale, na ilikuwa hesabu ya kutisha: kumshusha mtoto mmoja kunataka kumpandisha mwalimu mmoja, na mimi nilikuwa na mwalimu mmoja tu na watoto ishirini na saba walio ulingoni. Mtu mwenye busara angerudi zake akakaa na wale saba mpaka jua liwe utosini. Mimi nikaziona kamba. Nikaziona kamba za Debora zinavyokwenda kwenye nguzo, na za jirani zinavyokaribiana nazo, na kichwani mwangu ikawaka taa yote ya shule ya jioni: kwani kamba za mashamba yote zikiunganishwa zikaletwa kwenye ulingo mmoja, mtu mmoja hawezi kulinda mashamba yote? Nikamweleza Mama Debora, nikachora chini kwa kijiti. Akautazama mchoro, akanitazama mimi, akasema, "Haya. Ila ndege wakiingia kwa mwenzangu, mchoro huu utamwonyesha wa kumdai ni wewe."

Watoto wa mashamba yote waliitana wakafurahi mno, na nilipaswa kushangaa kwa nini wanafurahi mno. Kwa muda mfupi kamba zilikwisha ungwa, wengine wakivuka maji kwa kuogelea na ncha mdomoni, zikaletwa ulingoni kwa Debora, nami juu yake na helmeti yangu. Kamba za mashariki zikafungwa mkono wa kulia, za mtoni mkono wa kushoto, za nyuma kila mguu na zake, na zilizobaki, kwa kuwa mwanadamu aliumbwa na viungo vichache, Debora akanifunga kiunoni. Kisha nikawaambia waende shule wakaanze hesabu, Debora asimamie. Nikawaona wanavyokimbia, ishirini na saba, na pamoja na wale saba ni darasa zima, na nikajisikia, kwa mara ya kwanza tangu nipewe chaki, kwamba mimi ni mwalimu hasa. Nilikuwa nimelijaza darasa. Ilinichukua muda kutambua kwamba sikuwamo.

Ndege nao wakaja. Nikivuta mkono wa kulia wanahamia kushoto, nikivuta kushoto wanarudi nyuma, nikipiga teke la mguu huu shamba la mjane mmoja linalia makopo, nikipiga la mguu ule linalia la mwinjilisti, nikizungusha kiuno inalia wilaya nzima. Nilicheza ulingoni pale ngoma ambayo haijawahi kuchezwa wala haina jina. Tai ilinizunguka ikaja kisogoni. Jasho lilitoka hata kwenye soksi. Na ilikuwa haijatimia saa nne.

Hapo ndipo mtumbwi ulipotokea. Kuna mkono wa mto unaopita katikati ya mashamba kwenda kijijini, na kwenye mkono huo ukaja mtumbwi wa Mwalimu Lazaro, yeye mwenyewe amesimama nyuma na pondo, na katikati ameketi mtu mnene kidogo, mwenye miwani na mwavuli na mkoba wa ngozi magotini. Pantoni haikuwa imemchelewesha, na yeye alikuwa mtu wa kuamka mapema. Mkaguzi.

Wakapita chini yangu kabisa. Mkaguzi akainua mwavuli akanitazama.

"Ewe bwana uliye juu. Shule iko mbali?"

"Si mbali, bwana," nikasema. "Hapo mbele, penye kanisa."

"Na wewe ni nani?"

Jamani, swali lile. Miezi mitatu nilikuwa najiuliza mwenyewe bila jibu, sasa naulizwa na mtu mwenye mkoba. Nilikuwa na nafasi ya kusema mimi ndiye mwalimu unayekuja kumtazama. Nilifungua mdomo kusema hivyo. Kilichotoka kilikuwa: "Mimi nawinga ndege, bwana."

"Na hiyo helmeti?"

"Inawatisha, bwana."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyejifunza jambo la kilimo. Mwalimu Lazaro alinitazama, kisha akayatazama maji. "Huyo ni mlinzi wa Mama Debora," akasema, akachomeka pondo, wakaenda zao. (Baadaye nilimwuliza kwa nini hakuniumbua, akasema alidhani nina mpango. Hakuna mtu aliyewahi kunidhania kitu kikubwa kama hicho.)

Nikabaki pale nimechanganyikiwa kama kuku aliyevuka barabara akasahau alichokifuata. Kama mimi ni mwinga ndege, mwalimu yuko wapi? Na kama mwalimu hayuko, mkaguzi atathibitisha nani? Nikaanza kuita, "Mama, njoo unipokee, mkaguzi amefika."

Sauti ya Mama Debora ikatoka mbali kwenye mpunga. "Nikupokee na mikono mingapi? Ulishusha watoto ishirini na saba, mimi ni mmoja."

Nami nikafanya lile ambalo hata mtoto wa miaka minne wa kijiji kile hafanyi. Nikaacha ulingo. Nikafungua mikono kwa meno, nikafungua mguu mmoja, nikafungua wa pili, nikaruka, nikapita njia ya mkato katikati ya mpunga na matope, kiatu kimoja kikabaki humo, sikukirudia, nilichotaka ni kufika darasani kabla ya mtumbwi. Nilisikia kelele kubwa nyuma yangu, nikadhani ni moyo wangu unavyopiga.

Haukuwa moyo. Kilikuwa kiuno. Kamba za kiunoni sikuzifungua, na nilikuwa nimezing'oa na nguzo zake, nakokota makopo ya nusu ya bonde, na kila nilivyozidi kukimbia ili nisisikiwe ndivyo yalivyozidi kulia.

Mkaguzi alikuwa amekwisha fika. Alikuwa amesimama mbele ya darasa lililojaa, kimya, rejista haipo, mwalimu hayupo, anauliza, "Mwalimu wenu wa darasa hili yuko wapi?" na kabla mtoto hajajibu nikaingia mlangoni na makopo yangu.

Sasa mfikirie mtoto wa Tana msimu wa mpunga. Tangu alfajiri sikio lake limefundishwa jambo moja, makopo yakilia, ndege wameingia. Hafikiri. Darasa zima likasimama kwa pamoja na kupiga ukelele, hooo-haaa, ukelele wa kufukuza ndege, mpaka miwani ya mkaguzi ikateleza, na mikono thelathini na kitu ikaingia mifukoni, maana madonge yao walikuja nayo, na madonge yote yakaja kwangu. La kwanza likaangusha helmeti. La pili na la tatu ndiyo yale ya machoni niliyowaambia. Baada ya hapo sikuhesabu.

Kelele zilipotulia mkaguzi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Huyu si yule wa ulingoni?"

Mwalimu Lazaro alikuwa anatazama paa. Debora akasimama, mikono nyuma, kama tulivyowafundisha. "Ndiye mwalimu wetu, bwana."

"Aliniambia anawinga ndege."

"Asubuhi," akasema Debora.

Nilikuwa natafuta neno la kusema, lolote, la sajini au la mhubiri, hata lile la poleni na kazi, nikaona mlangoni pameingia kivuli. Mama Debora, na nyuma yake akina mama wengine wanane au tisa, wote wamelowa mpaka kifuani. Hakumsalimu mkaguzi. Sidhani alimwona.

"Nani yuko ulingoni?" akaniuliza.

Nikalitazama kopo lililokuwa miguuni pangu.

"Nakuuliza kwa heshima, mwalimu. Ulingo ule nilikukabidhi wewe. Nani yuko?"

"Hakuna, mama."

"Ndege wamo humo sasa hivi," akasema, wala hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza. "Kwangu, kwa huyu, na kwa huyu mjane hapa. Mpunga ule ndio tutakaokula mpaka maji yapande tena. Wewe una mshahara. Sisi tuna ule."

Ningependa kuwaambia kwamba nilifikiri kwa ushujaa, na Mwalimu Lazaro akiwa hayupo huwa nawaambia watu hivyo. Ukweli ni kwamba kichwa kilikuwa kimejaa tope ndani na nje. Huku mkaguzi na kitabu chake, akitaka darasa lenye watoto. Nikiwaruhusu watoke, darasa litabaki madawati matupu mbele ya macho yake, na mimi ni pasi ya makaa moja kwa moja. Nikiwashika, akina mama wale watalala njaa kwa ajili ya uthibitisho wangu. Nikamtazama Lazaro anisaidie. Akatoa chaki sikioni, akaitazama, akairudisha. Hakunisaidia hata kidogo.

"Simameni," nikasema. "Kila mtu ulingoni kwake. Kimbieni."

Walikwisha toka kabla sijamaliza. Mkaguzi akauliza, "Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka ndege wapumzike, bwana," nikasema, nikatoka nami nyuma yao, maana kamba za watu zilikuwa bado kiunoni mwangu na mimi ndiye niliyezing'oa.

Nilipanda ulingo wa Debora, yeye akawa anafunga upya nguzo chini, nami nikawa napiga kombeo. Donge langu la kwanza lilikwenda nyuma. La pili lilimpata mwinjilisti. Lakini ukelele nilikuwa nao, mapafu ya kupuliza makaa si mchezo, nikapiga ukelele mpaka nadhani Kipini, mto unakoingia baharini, walisikia, na polepole ule moshi wa ndege ukainuka, ukatua, ukainuka, na jua likazidi kupanda, na ilipofika saa tano na kitu wakaondoka wenyewe kwenda vivulini, kama alivyosema Lazaro, kama wana saa mkononi. Mpunga wa mjane ulikuwa umeliwa kipande cha kama ukumbi wa kanisa. Mama Debora alikitazama kile kipande, akanitazama, hakusema kitu, na hilo ndilo tusi pekee nililowahi kutukanwa nikalikumbuka.

Kengele sikuipiga. Watoto walishuka wakaenda shule wenyewe, wakatimia thelathini na wanne, nami nikawafuata, kiatu kimoja mkononi. Mkaguzi alikuwa ameketi nyuma ya darasa, kwa muda wa saa mbili nzima alikuwa amemngoja mwalimu na sasa amempata. Nilikuwa nimechoka kuliko kuwa sajini, sauti ya kuhubiri imeisha shambani. Nikaandika ubaoni kwa mkono wenye tope: mashamba ishirini na saba, kila shamba kamba nne, mtu mmoja ana mikono miwili, miguu miwili na kiuno, je, mtu huyo ana akili? Mtoto wa nyuma akasema hiyo si hesabu. Debora akasema ni hesabu, jibu lake ni sufuri. Wakaanza kubishana, nikawaachia wabishane, kisha nikawauliza tungehitaji walinzi wangapi kama kila mmoja angeweza mashamba matatu, na wakazama humo mpaka nikasahau kwamba natazamwa, na nikasahau kuchagua sauti ya mtu. Sijui niliongea kwa sauti ya nani. Ningeisikia ningewaambia.

Mwisho mkaguzi akasimama, akamwuliza Debora mbele ya wote, "Mwalimu wenu huyu ni mwalimu wa namna gani?"

Akanipima kwa yale macho yake. "Bado tunamwangalia, bwana," akasema.

Na mkaguzi akaandika hivyo hivyo. Nilikisoma kitabu cha ukaguzi cha shule baada ya yeye kuondoka, ninakumbuka kila neno: alipofika asubuhi alimkuta mwalimu huyu akiwa mlinzi wa ndege, saa nne hakujua alikuwa nini, saa sita alianza kufundisha. Asithibitishwe. Aongezewe miezi mitatu chini ya Mwalimu Lazaro, atazamwe tena baada ya mavuno. Akina mama nao wakakaa baraza lao, wakaamua kila asubuhi mpaka mpunga ukatwe nimshushe mtoto wa mjane nipande mimi, na nikapanda kila asubuhi, bila helmeti.

Nilithibitishwa baadaye, kama mnavyoona, la sivyo nisingekuwa naandika haya bali ningekuwa nazipiga pasi kola zenu. Nimefundisha vijiji vingi tangu hapo, mpaka Bangale kwa wafugaji, ambako shule yenyewe ilihama na maji. Na kila nilikopelekwa nilikaa kwanza nikauliza, watu wa hapa asubuhi hufanya nini, ndipo nikaulizia kengele iko wapi. Na nimeapa jambo jingine, ambalo ni gumu zaidi: mtu yeyote akiniuliza mimi ni nani, hata akinikuta juu ya miti nimefungwa kamba, nitamwambia mimi ni mwalimu, kisha nimwombe kwa adabu anitafutie mtu wa kunipokea.